Mota ya Habu kwa Baiskeli ya Porini: Soma Dalili Kabla Hujanunua Nyingine

Baiskeli ya umeme ikiletwa kwangu imeshindwa mlima, mwenyewe huwa anakuja na dawa yake mkononi: "Fundi, mota hii haina nguvu. Nitafutie ya wati nyingi." Naomba tusianzie hapo. Mota nyingi za habu, yaani zile zinazokaa ndani ya kitovu cha gurudumu, nilizofungua zilikuwa nzima siku ziliponunuliwa. Ziliuawa na kazi isiyo yao, na wati zilizoandikwa kwenye kibandiko hazikumsaidia mnunuzi kuijua kazi hiyo mapema.

Nikisema porini nina maana ya njia za udongo za Usambara, kama zile za kutoka Lushoto kwenda Irente au kwenda Mtae: kona kali, mawe, na udongo mwekundu unaoteleza kama sabuni wakati wa masika. Kwenye lami ya Tanga mjini karibu mota yoyote ya habu itakufurahisha. Huku juu kila kosa la uchaguzi linaonekana siku ya kwanza.

Uwe na multimita ya kupimia umeme, spana za nati za ekseli, na nafasi ya kuinua gurudumu la nyuma likae hewani. Chomoa betri kabla ya kugusa waya wowote, kisha ngoja kidogo, maana kapasita za kontrola, kile kisanduku kinachogawa umeme wa betri kwenda kwenye mota, hubaki na umeme hata betri ikiwa mezani.

Inapanda vizuri dakika chache, kisha inalegea na kunuka

Hii ndiyo dalili ninayoiona kuliko zote. Mwanzo wa mlima baiskeli inavuta kwa furaha. Baada ya muda mwendo unashuka, unaongeza moto kwa kishikio cha mkononi na hakuna kinachobadilika, kisha inakuja harufu ya vanishi iliyoungua. Ukishika kava la mota unaondoa mkono haraka. Na ujue koili za ndani, yaani waya za shaba zilizosukwa, zina joto kubwa kuliko hilo kava, kwa sababu joto linachukua muda kutoka katikati hadi nje.

Hesabu yake ni rahisi, na ukiielewa hutanunua mota kwa kubahatisha tena. Chukua baiskeli, mtu na mzigo, jumla kilo 120, kwenye mwinuko wa asilimia 15. Ukiongeza ukinzani wa tairi kwenye udongo, unahitaji nguvu ya nyutoni 200 hivi kusukuma. Kwa mwendo wa kilomita 10 kwa saa hizo ni wati 550 tu. Unajiuliza: mota imeandikwa wati 1000, sasa inaungua kwa nini?

Kwa sababu joto la mota halifuati wati zinazotoka. Linafuata nguvu ya kuzungusha inayodaiwa kwenye ekseli, na nguvu hiyo inategemea uzito, mwinuko na ukubwa wa gurudumu. Gurudumu la inchi 29 lina nusu kipenyo cha karibu mita 0.37, kwa hiyo mota inadaiwa nyutoni-mita 74. Tuchukue mota isiyo na gia, ile inayozungusha gurudumu moja kwa moja, ambayo kila ampea inayopita kwenye koili inatoa nyutoni-mita 1, na koili zake zina ukinzani wa omu 0.2. Ampea 74 mara ampea 74 mara 0.2 ni karibu wati 1,100 za joto tupu. Yaani baiskeli inapata wati 550, na zile 1,100 zinabaki kupika mota.

Sasa ifunge mota hiyohiyo kwenye ringi ya inchi 26. Nguvu inayodaiwa inashuka hadi nyutoni-mita 66, na joto linashuka hadi wati 870. Piga pedali kwa wati 100, kazi ambayo mtu mzima mwenye afya anaiweza, na mota inabaki kudaiwa nyutoni-mita 54. Joto linakuwa wati 580 hivi. Karibu nusu ya joto la mwanzo imeondoka, na bado hujanunua kitu kikubwa.

Kuna ubaya mwingine. Waya wa shaba unapopata moto ukinzani wake unaongezeka, karibu asilimia 40 ukitoka nyuzi 20 hadi 120. Mota iliyokwisha kupata joto inazalisha joto zaidi kwa kazi ileile. Ndiyo maana kuungua kunaonekana kama kumetokea ghafla, wakati kulianza dakika kumi nyuma.

Wengi watakwambia ununue mota "iliyosukwa kwa mlima", ile inayozunguka mara chache kwa dakika kwa kila volti, eti haipati joto. Hapo panahitaji uangalifu. Ikiwa ndani kuna shaba ileile na sumaku zilezile, nguvu ileile italeta joto lilelile, iwe imesukwa kwa mwendo au kwa mlima. Tofauti ni kwamba ile ya mlima inaomba ampea chache, kwa hiyo kontrola ya kawaida na waya wa kawaida vinaitosha. Ile ya mwendo inaomba ampea nyingi, na kama kontrola haiwezi kuzitoa, baiskeli inasimama mlimani. Hivyo ichague ya mlima, lakini usitegemee kwamba kusukwa peke yake kutaiokoa. Kinachookoa ni wingi wa shaba, udogo wa gurudumu, na miguu yako.

Kujua imesukwaje, tafuta mizunguko kwa dakika iliyoandikwa pamoja na volti zake. Mizunguko 328 kwa volti 48 kwenye gurudumu la inchi 26 ni karibu kilomita 40 kwa saa gurudumu likiwa hewani. Mizunguko 260 ni kilomita 32. Kwa njia za kwetu hiyo ya pili inatosha kabisa, na sijaona sehemu salama ya kukimbia zaidi ya hapo juu ya mawe.

Jambo la mwisho kuhusu joto: nunua mota yenye sensa ya joto ndani, na kontrola inayoisoma na kupunguza umeme yenyewe. Sensa hiyo mara nyingi ni themista, na themista ya kawaida ina omu 10,000 kwa nyuzi 25 na karibu omu 700 kwa nyuzi 100, kwa hiyo hata multimita inakuonyesha hali. Mimi hupanga kontrola ianze kupunguza kwenye nyuzi 100 na izime kabisa kwenye 130. Kwa mota zisizo na gia kuna pia mafuta maalumu yenye chembe za sumaku. Grin Technologies wa Vancouver, Kanada, wanayauza kwa jina la Statorade. Unatia mililita chache tu, yanakaa kwenye upenyo kati ya sumaku na chuma cha koili, na joto linapata njia ya kufika kwenye kava. Usiyatie kwenye mota ya gia.

Mota inalia, gurudumu haliendi

Hii ni ya mota za gia pekee. Ndani kuna mota ndogo inayozunguka haraka, na gia tatu za nailoni zinazopunguza mwendo huo, mara nyingi kwa kiasi cha mara tano, ili kuongeza nguvu. Kuna pia klachi inayoachia gurudumu lizunguke bure mota ikizimwa.

Sikiliza kwanza. Ukisikia sauti ya kusaga na kukwaruza, gia zimeisha meno. Ukisikia mota inavuma laini kabisa lakini gurudumu limetulia, klachi ndiyo imeachia. Vyote viwili vinapatikana kama vipuri, na kubadilisha ni kazi ya saa moja. Safisha grisi yote ya zamani, maana vipande vya nailoni vinavyobaki vitazitafuna gia mpya.

Ila jiulize zimekufa kwa nini. Karibu kila mara ni mtu aliyebadilisha kontrola ya ampea 15 akaweka ya 30, kisha anafungua moto wote akiwa amesimama katikati ya mlima. Nailoni iliyolainika kwa joto haiwezi kubeba mshtuko huo. Gia za chuma zipo, zina kelele, na mshtuko hauondoki, unahamia kwenye klachi. Anza kuondoka kwa pedali mbili tatu, ndipo uite mota.

Mota ya gia bado ndiyo ninayoipendekeza kwa njia za kupanda na kushuka kwa vipande vifupi. Ina kilo 3 hadi 5, inavuta vizuri kwenye mwendo mdogo, na ikizimwa haikuzuii. Udhaifu wake ni kwamba joto lake halina njia nzuri ya kutoka, na haiwezi kurudisha chaji wakati wa kushuka, kwa sababu klachi inaachia.

Kama unaishi juu Lushoto na kila siku unashuka hadi Mombo, chini ya milima, fikiria tena. Mota isiyo na gia inakufungia breki yenyewe kilomita zote 33 na kurudisha chaji kiasi, na pedi za breki zinadumu sana. Lakini usijaze betri kabisa asubuhi kabla ya kushuka. Betri iliyojaa haina pa kuweka chaji inayorudi, bodi yake ya ulinzi inakata, na breki ya mota inapotea ukiwa kwenye kona. Chaji hadi asilimia 80, iliyobaki mlima utakupa.

Inatetemeka, inagongagonga, inakataa kuondoka

Mwenye baiskeli husema mota "ina kigugumizi". Mara nyingi ni sensa za Hall, zile tatu ndogo zinazoiambia kontrola sumaku ziko wapi. Tafuta plagi yenye waya tano nyembamba: nyekundu ni volti 5, nyeusi ni hasi, na njano, kijani na bluu ni za sensa. Hapa betri inabidi iwe imeunganishwa na baiskeli imewashwa, bila kugusa kishikio cha moto. Pima kati ya nyeusi na kila rangi huku ukizungusha gurudumu polepole kwa mkono. Kila waya lazima iruke kati ya sifuri na karibu volti 5. Moja ikiganda, sensa hiyo imekufa au waya wake umekatika. Zote tatu zikiganda, pima nyekundu kwanza, huenda umeme haufiki.

Kabla ya kufungua mota, angalia plagi yenyewe. Baiskeli moja niliipima mara mbili nikiamini sensa imeungua. Nilipochomoa plagi nikaukunjua mpira wake, ndani kulikuwa na udongo mwekundu uliokauka kama tofali dogo, na pini ya kijani imeota kutu. Mswaki na spiriti vilimaliza kazi.

Sensa zikiwa nzima na mota bado inaunguruma, hamia kwenye waya tatu nene, zile zinazopeleka umeme wa awamu tatu kwenye mota. Plagi iliyobadilika rangi au kuyeyuka plastiki yake imelegea, na awamu moja haipiti.

Kuna kontrola zinazofanya kazi bila sensa. Mjini hutaona shida, lakini kuondoka na mzigo katikati ya mlima zinatapatapa, kwa sababu gurudumu likiwa limesimama hazijui sumaku ziko wapi. Kwa porini chukua mota na kontrola zenye sensa.

Gurudumu zito hata baiskeli ikiwa imezimwa

Chomoa waya tatu nene kati ya mota na kontrola, kisha zungusha gurudumu. Likiwa jepesi ghafla, mota haina kosa: transista za kontrola zimeungua na kuunganisha awamu. Likibaki zito, waya zimegusana ndani ya ekseli au koili zimeungua. Ukitaka kuijua hisia yake, chukua mota nzima, gusanisha waya zake mbili nene, uzungushe. Mkono hautasahau.

Mota isiyo na gia ina uzito wake wa asili, wa kuvutavuta kwa hatua sawasawa sumaku zinapopita kwenye meno ya chuma. Huo si ugonjwa. Ila ukipenda kupiga pedali masafa marefu bila umeme, utaulalamikia kila siku.

Ekseli imezunguka na kukata waya

Hili limenitokea mimi mwenyewe, kwenye baiskeli yangu, fremu ya alumini. Nilifunga nati kwa nguvu zangu zote, nikaona inatosha. Nilipofungua moto kwenye mwinuko wa kwanza nilisikia "kra" moja fupi, gurudumu likalala upande, na nilipotazama chini ekseli ilikuwa imejichimbia duara ndani ya ile midomo ya fremu inayoishika. Waya zilikuwa zimejiviringisha kwenye ekseli mara mbili na kukatika, nyuzi za shaba zimechomoza kama manyoya. Mota, fremu na kontrola vilikwenda pamoja siku hiyo.

Ekseli za mota hizi zina pande mbili bapa, unene wa milimita 10. Nyutoni-mita 66 zikisukuma kwenye kingo za milimita 10 ni kama uzito unaozidi kilo 600 kwenye kila ukingo. Nati peke yake haizuii hilo, na alumini haiwezi. Weka mkono wa chuma unaoshika ekseli na kufungwa kwenye fremu. Mota ya gia mmoja unaweza kutosha kama fremu ni ya chuma. Mota inayorudisha chaji weka miwili, kwa sababu nguvu inakwenda mbele na nyuma na kulegeza nati kidogo kidogo. Kaza tena baada ya siku ya kwanza.

Mota ya mbele kwenye foku ya alumini yenye springi siifungi porini, hata mteja akisisitiza. Nyuma fremu ikivunjika unakaa chini. Mbele ikivunjika unaanguka kwa uso.

Kabla ya kulipa, pima pia upana kati ya midomo ya fremu kwa ndani. Baiskeli nyingi za zamani za mlima zina milimita 135 nyuma. Zenye tairi nene zina 170, 175 au 190. Fremu mpya nyingi zina matundu yanayopitisha ekseli ya milimita 12 badala ya midomo iliyo wazi, na mota nyingi za habu haziingii humo.

Spoku zinakatika kila wiki

Angalia zinakatikia wapi. Zikikatika kwenye kiwiko, pale zinapoingia habu, zimelegea mno. Watu wananunua spoku nene za milimita 2.6 wakidhani wameimarisha, kumbe ringi yao nyembamba haistahimili mkazo unaozifaa spoku hizo. Spoku nene isiyokazwa inacheza kila mzunguko hadi inachoka. Milimita 2.0 hadi 2.3 zilizokazwa sawasawa kwenye ringi yenye kuta mbili hudumu zaidi. Na kwa kuwa habu ya mota ni kubwa, zipishanishe mara moja tu badala ya mara tatu, la sivyo zinaingia kwenye ringi kwa upande.

Umeme unakata ghafla mlimani, kisha unarudi

Hapa usiguse mota. Pima betri ikiwa kazini. Betri ya volti 48 yenye safu 13 za seli zilizofuatana ikijaa ina volti 54.6. Ikianguka volti 6 au zaidi ukifungua moto, seli zimechoka au ni chache mno kwa ampea unazodai, na bodi ya ulinzi inajihami. Kuweka mota kubwa kutaifanya ikate mapema zaidi.

Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kupanda karibu mita 1,000. Kuinua kilo 120 kimo hicho peke yake ni wati-saa 330 hivi, kabla ya ukinzani wa tairi na joto linalopotea. Betri ya volti 48 yenye ampea-saa 13 ina wati-saa 624. Usipopiga pedali utafika ikiwa karibu tupu, kama utafika.

Ilivuka kijito, kesho yake ikagoma

Mota iliyopata moto mlimani ina hewa iliyotanuka ndani. Ukiiingiza kwenye maji baridi, hewa inasinyaa na mota inanyonya maji kupitia njia ya waya kwenye ekseli. Kusimama dakika tano kabla ya kuvuka kunaokoa sensa za Hall. Funga waya ishuke chini kidogo ya ekseli kabla ya kupanda kwenye fremu, ili maji yadondoke pale badala ya kuifuata waya hadi ndani. Ziba pale inapoingia kwa silikoni. Ikishaingia maji, fungua kava, kausha, angalia kutu kwenye chuma cha koili, badilisha beringi zikikwaruza.

Yule aliyetaka wati nyingi

Mwaka huu alikuja mbeba mboga mmoja na baiskeli ya inchi 29, mota isiyo na gia, gunia la karoti nyuma, na harufu ile ya vanishi. Alitaka mota kubwa mara mbili. Nilipima koili, zilikuwa nzima. Tulihamisha mota kwenye ringi ya inchi 26 kwa kuwa fremu ilikuwa na breki za diski, zisizotegemea ukubwa wa ringi, tukaongeza themista, mikono miwili ya ekseli, na gia ndogo ya mbele ili miguu yake iwe na kazi ya kufanya mlimani. Pedali zimeshuka sentimita 4 na sasa zinagonga mawe mara mojamoja, hilo nilimwambia kabla. Kontrola inaanza kupunguza umeme karibu na mwisho wa mlima mrefu kuliko yote, naye anashuka, anakunywa maji, anangoja.

Njia yake ingekuwa na mwinuko wa asilimia 20 kwa kilomita nzima, ningemwambia aache habu kabisa, atafute mota ya katikati inayovuta mnyororo, ili itumie gia za baiskeli yenyewe. Mnyororo utaisha haraka, lakini mnyororo ni bei ndogo.